Nimeacha nyama, lakini fungu langu bado nachukua

Mtu mzima akikataa nyama Tanzania, watu humtafutia sababu wanayoijua. Mmoja atauliza kama umeingia Usabato. Mwingine atainamisha kichwa na kunong'ona, "Ni jongo, ee?" Wengine hawaulizi kitu, wanahisi tu mambo yamekuwa magumu mfukoni. Mimi ni Mlutheri wa Machame, vidole vya miguu havinisumbui, na mshahara ulikuwa unaingia. Nilikuwa nimeamua tu. Hilo ndilo jibu lililowashinda watu kulipokea, na kazi kubwa ya kuacha nyama kwangu ilikuwa hapo kuliko jikoni.

Nilianza wakati nikimshikia hesabu mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe aliyekuwa akiuza mnadani Pugu. Ng'ombe wengine walikuja kwa lori kutoka Shinyanga, safari ya karibu kilomita elfu moja, na kuna waliofika hawawezi kusimama. Hayo yaliniingia, sikatai. Ila kilichonishtua zaidi ni sahani yangu mwenyewe. Asubuhi supu na chapati, mchana wali nyama, Ijumaa jioni nusu kilo ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Kijijini nilikokulia nyama ilikuwa ya Krismasi, Pasaka, kipaimara na msiba. Nilipoanza kulipwa mshahara ikawa ya kila siku, bila mimi kukaa chini na kujiuliza kama naitaka hivyo.

Nikaacha nyama, kuku na samaki. Mayai na maziwa nikabaki nayo, kwa sababu vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kumtosha binadamu. Anayeacha vyote kabisa lazima ameze vidonge au apate vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Mtindi wa duka la jirani ulinitosha. Sikutaka chakula changu kitegemee duka la dawa.

Aliyeniokoa jikoni ni mama mkwe. Mke wangu anatoka Same, na kwao ni Wasabato wa siku nyingi. Kanisa lao lilianza Upareni mwaka 1903. Si kwamba wote wameacha nyama, wengi wanakula ng'ombe na kuku, wanachokataa ni kitimoto. Lakini kanisa lao husifu sana chakula cha mimea, kwa hiyo nyumba ile inajua kupika bila nyama na mtu akashiba. Alipokuja kututembelea akafunua sufuria yangu na kusema, "Baba, maharage haya hayana nazi wala kitunguu cha maana. Ndiyo maana unaota nyama."

Akanifundisha kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji, nikaacha kulalamika tumbo kujaa gesi. Mchicha uwe na karanga zilizosagwa. Kisamvu kitwangwe kweli na kichemke muda mrefu, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu. Mbaazi ziwe za nazi, nzito, za kuliwa na chapati. Kisha akapika makande. Mimi makande nilishayaapia tangu bweni, yale ya wadudu kuelea juu, lakini ya kwake yalikuwa na karoti, nazi na pilipili hoho, na nilirudia sahani. Kilishe nayo yana maana: mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa methionini, asidi amino nyingine, ambayo mahindi yanayo.

Jambo moja nililipata kwa nesi. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage, na sisi chai tunainywa na chakula chenyewe. Nikaisogeza mbali na mlo, kama saa nzima hivi, na mchicha nikawa naukamulia ndimu, kwa kuwa vitamini C inasaidia madini hayo yafyonzwe.

Kwa mama ntilie wa karibu na ofisi ilichukua muda. Naagiza wali maharage na majani, naona upawa wa mchuzi wa nyama unakuja juu ya wali. Anamwaga kwa huruma, anaona wali mkavu hauniheshimu. Siku hizi ananiita Baba Majani, na sahani yangu inatoka bila mchuzi. Baa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: chipsi mayai, kachumbari ya kutosha, na mchango wa kinywaji usipungue. Kinachowaudhi wenzako ni kuwahubiria wakati wanatafuna.

Na kuhubiri ndiko kunakoniweka mbali na pande zote mbili za ubishi huu. Wapo wanaotaja uamuzi wa mwaka 2015, pale taasisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya utafiti wa saratani ilipoziweka soseji, bekoni na nyama nyingine zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Wanalisema kana kwamba kipande cha mbuzi ni sawa na sigara. Makundi yale yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Na anayemwambia Mmasai wa Longido auze ng'ombe alime maharage hajaona mvua ya Longido. Kule ng'ombe anageuza majani makavu kuwa maziwa. Hakuna mmea unaoweza kazi hiyo.

Kwa upande wa pili, wanaosema mwanamume hawezi kuwa na nguvu bila nyama waje wabebe zege na vijana wanaokula ugali maharage wiki nzima.

Mtoto wetu anakula yai, dagaa na maini. Nimeulizwa mara nyingi kama siyo unafiki. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate chakula kitokanacho na wanyama kila siku. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba bakuli la maharage ninalokula mimi. Akikua ataamua.

Palipokuwa pagumu kweli ni nyumbani Desemba. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe. Kidari ni cha babu, na wengine mnafuata kwa nafasi zenu, huku sufuria ya kisusio, supu ya damu ya mbuzi, ikizunguka. Mwaka wa kwanza nikasema mimi hapana, asanteni. Baba akaniita pembeni ya mgomba.

"Wewe ni mtoto wangu wa kwanza. Ukikataa fungu, watu watasema tumegombana."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa Baba haikuwa habari ya chakula hata kidogo. Nikamwambia, "Sijalikataa, Baba. Nipe, nitampelekea shangazi." Akafikiri, akakubali. Kwa hiyo bado nachangia hela ya mbuzi kama ndugu zangu, naitwa mbele za watu, napokea fungu langu kwa mikono miwili, kisha nashuka nalo bondeni kwa shangazi, ambaye ni mjane. Mimi nakula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na mtori ambao mama huniwekea sufuria yake ndogo kabla nyama haijatiwa. Shangazi ameshaizoea ratiba. Krismasi iliyopita sikumaliza hata "shikamoo", akaitikia marahaba huku akichungulia mfuko kama kuna maini.

Sasa mdogo wangu anaoa, na mimi ni mweka hazina wa kamati. Bajeti ya ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, imepita bila mjadala. Nimeomba tuongeze sinia mbili za kiburu na mbaazi za nazi kwa wasiokula nyama. Mwenyekiti ameuliza wako wangapi. Nikamwambia mama mkwe anakuja na kwaya yake yote. Ameandika pembeni ya karatasi: "Tutaona."