Baden Powell wa gitaa, sio yule wa skauti

Ukiandika jina la Baden Powell kwenye simu yako hapo utaletewa kwanza yule mzee wa Kiingereza mwenye kofia pana, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri kule Kenya. Mimi nilikuwa skauti shule ya msingi hapahapa Tanga, jina hilo tulikaririshwa kabla hata hatujajua kufunga skafu vizuri, kwahiyo siku nilipoliona kwenye kava la santuri ya gitaa nikajua tu kuna mtu kachanganya picha. Kumbe hakuna aliyechanganya. Kule Brazili, mji mdogo unaitwa Varre-Sai, kaskazini mwa jimbo la Rio de Janeiro, kulikuwa na fundi viatu mmoja aliyeipenda skauti mpaka basi, na mtoto wake alipozaliwa tarehe 6 Agosti 1937 akampa jina lote kama lilivyo, Baden Powell de Aquino. Huyo ndo nataka kumuongelea leo, na nitaongea sana, kwasababu tangu nimjue sijatulia.

Nianze na mjomba wangu maana yeye ndo kanifundisha kumsikiliza huyu mtu, na kanifundisha bila kukusudia.

Mjomba anakaa Ngamiani, barabara ya 12. Ujana wake alipiga rithimu kwenye bendi ya dansi, enzi zile Tanga ina Jamhuri Jazz, ina Atomic Jazz, ina Amboni Jazz, watu wanatoka mashamba ya mkonge jioni wameshaoga wananukia wanaenda dansini. Alafu akashika dini, akaacha. Gitaa akampa mtu. Mimi nimekua nikijua mjomba alikuwa mpiga gitaa kama vile unavyojua babu yako alikuwa mvuvi, yani habari tu, sijawahi kumuona ameshika. Na nyumbani kwake mambo ya muziki hatuyaleti, ni heshima tu, hakuna aliyekatazwa.

Sasa siku moja baada ya laasiri tumekaa kibarazani, tunamenya machungwa ya Muheza, simu yangu iko mfukoni na waya wa spika za masikioni umechomoka sijui saa ngapi, nagusa simu nione saa na muziki ukatoka nje wote. Nikahangaika kuuzima. Mjomba akaweka kisu chini akasema, "Hebu acha kwanza."

Ilikuwa Samba Triste, wimbo ambao Baden alitunga na Billy Blanco miaka ya 1950, anaupiga mwenyewe na gitaa lake la nyuzi za nailoni, hakuna ngoma wala mtu mwingine yeyote. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Wako wangapi hao?"

Nikamwambia mmoja, mjomba.

"Mmoja vipi? Besi nimeisikia, rithimu nimelisikia, na solo lile kule juu. Hao watatu."

Nikamuapia kwamba ni mtu mmoja na mikono miwili. Akanyamaza. Alafu nikaona dole gumba lake la mkono wa kulia linagonga gotini, taratibu, gum, gum, na vidole vingine vinatekenya juu yake, na mimi nilihisi kitu kifuani ambacho siwezi kukieleza, mtu hajashika gitaa miaka yote hiyo na mkono bado unajua.

Na pale ndo nikaelewa nilikuwa namsikiliza Baden vibaya. Nilikuwa naskiliza kasi. Wengi tunaojifunza gitaa mtandaoni tunamjua kwa kasi, vidole vinakimbia huwezi kuvihesabu, tunashangaa tunasema huyu jini. Lakini kasi sio kitu chake kikubwa. Kitu chake ni lile dole gumba. Kwenye samba, ule muziki wa ngoma wa Brazili, kuna ngoma kubwa wanaiita surdo, ndo moyo wa samba nzima, na uzito wake unaangukia kwenye pigo la pili, sio la kwanza. Wapiga gitaa wa Brazili hiyo ngoma wanaiweka kwenye dole gumba, na matari na njuga na kila kitu kingine kinachochezacheza wanakiweka kwenye vidole vitatu vilivyobaki. Wote wanafanya hivyo, hajaanza yeye. Ila wenzake wa bossa nova, ile samba ya utulivu, walilainisha, wakapunguza, wakaimba kwa kunong'ona kwenye fleti za Copacabana ili jirani asiamke, nzuri sana nakubali, lakini Baden akaenda kinyume kabisa, yeye alitaka ngoma isikike ni ngoma. Kuna sehemu anazikung'uta nyuzi mpaka unasikia zinagonga mbao.

Hiyo haikuja kwa bahati. Familia yake ilihamia Rio akiwa bado mchanga, na akiwa mtoto akapelekwa kwa mwalimu anaitwa Jayme Florence, watu wanamuita Meira, mpiga gitaa wa choro. Choro ni muziki wa Rio wa zamani, wa gitaa na filimbi na kigitaa kidogo cha cavaquinho, una noti nyingi na unataka nidhamu kwelikweli. Huyuhuyu Meira miaka mingi baadae akamfundisha Raphael Rabello, kwahiyo mikono miwili mikubwa kabisa ya gitaa la Brazili imepita kwa mzee mmoja. Meira alimpa choro na alimpa Bach pia, yule mtunzi wa zamani wa Kijerumani. Kijana hajamaliza utoto vizuri tayari yuko kwenye mashindano ya redio, kwenye umri wa miaka 15 hivi anapiga kwa kulipwa, na baadae anapiga jazz kwenye klabu ya Plaza kule Copacabana. Akaenda pia kusoma kwa Moacir Santos, mtunzi mweusi ambaye wanamuziki wengi wa Rio wa kizazi kile walipita mikononi mwake, na kwake akajifunza ngazi za muziki za kale, zile ambazo hazina furaha wala huzuni ya moja kwa moja. Nyimbo zake kadhaa kubwa za baadae ukizisikiliza hizo ngazi unazisikia.

Mwaka 1962 akakutana na Vinicius de Moraes. Huyu alikuwa mshairi, na pia mwanadiplomasia wa serikali, mtu mzima tayari, na ndo mwaka huohuo yeye na mtunzi Tom Jobim walitunga wimbo wa yule msichana wa Ipanema ambao hata kwenye lifti za hoteli unapigwa. Wakajifungia nyumbani kwa Vinicius kama miezi mitatu, gitaa na wiski, wiski nyingi, wanatoka na nyimbo. Kuna rafiki kutoka Bahia, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazili, alikuwa amemletea Vinicius santuri ya muziki wa huko, samba ya duara, nyimbo za dini ya candomblé, na sauti ya berimbau, wakawa wanaisikiliza hiyo. Baden mwenyewe akasafiri mpaka Bahia, akakaa na watu wa capoeira, ule mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki, mwalimu Canjiquinha ndo alimtembeza.

Hapa naomba tukae kidogo. Berimbau ni upinde, una waya mmoja na kibuyu, unagongwa na kijiti. Asili yake ni huku kwetu Afrika, kwa Wabantu wa upande wa Angola, walioupeleka kule ni watu waliobebwa kwenye meli za utumwa, na Brazili ilikuwa ya mwisho kabisa Amerika kukomesha utumwa, mwaka 1888. Nasi tuna ndugu zake, Wagogo wana upinde wenye kibuyu wanauita ndono. Berimbau ina noti mbili tu za msingi zinapokezana, basi. Baden akachukua hizo noti mbili akaziweka kwenye nyuzi za chini za gitaa akatunga wimbo unaitwa Berimbau, ndo ule unaanza na dole gumba linapokezana kule chini kama mtu anagonga waya. Kijana aliyefundishwa Bach amerudi kwenye waya mmoja na kibuyu na akaona hapo pana kila kitu anachokihitaji. Mimi hii hadithi kila nikiikumbuka inanigusa sana.

Mwaka 1966 ikatoka santuri ya Os Afro-Sambas, nyimbo nane, muziki kaupanga Guerra-Peixe, wale kina dada wa Quarteto em Cy wanaitikia. Nyimbo nne mle zinaitwa kwa majina ya mizimu ya Kiyoruba ambayo watumwa walifika nayo Bahia, kuna Xangô wa radi, kuna Iemanjá wa bahari, kuna Ossanha mwenye siri za majani na dawa. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa hayo kwa kirefu, sisi mapango ya Amboni tunajua watu wanaingia humo na sadaka zao wanaziacha. Kurekodi kwenyewe sio kusafi, sauti zinapanda zinashuka, kuna watu wanaimba ambao sio waimbaji, Vinicius mwenyewe sauti ya kawaida tu. Mimi naona ndo uzuri wake. Inafanana na watu waliokaa uani usiku wakaanza ngoma, sio studio.

Wimbo wa kwanza, Canto de Ossanha, besi inashuka ngazi nne, inarudi juu, inashuka tena ngazi zilezile nne, tena na tena. Nne tu. Jaribu kuuskiliza usiku umezima taa.

Baada ya hapo Ulaya wakamchukua na sitokaa sana hapo. Mjerumani mmoja, Joachim-Ernst Berendt, alikwenda Rio akarekodi naye Tristeza on Guitar mwaka huohuo 1966, na mwaka 1967 Baden akawa Berlin jukwaa moja na wapiga gitaa wa Kimarekani Jim Hall, Barney Kessel na Buddy Guy, yani kila mmoja na gitaa la kwao. Brazili nako hakuacha, mwaka 1968 wimbo wake Lapinha, aliotunga na Paulo César Pinheiro ambaye alikuwa kijana mdogo kabisa, ukashinda shindano kubwa la samba ukiimbwa na Elis Regina. Aliishi Ufaransa, wanawe wawili wamezaliwa Paris, Philippe anapiga piano na Louis Marcel anapiga gitaa kama baba. Alafu akahamia Ujerumani kwenye mji unaitwa, amini usiamini, Baden-Baden. Kunywa kulimla afya miaka mingi.

Wenye maduka ya muziki wanamuweka kwenye rafu ya jazz. Mimi kwa hilo sina ugomvi, ila nadhani sisi Tanga tunamuelewa vizuri zaidi kuliko hiyo rafu. Jamhuri Jazz, iliyoanza ikiitwa Young Nyamwezi, haikuwa inapiga jazz ya Wamarekani, na wale ndugu wawili Wilson na George Kinyonga waliopita pale kabla hawajaenda Nairobi wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika hawakuwa wanapiga jazz ya Wamarekani pia. Neno lilikuwa ni jina la gitaa la kisasa linalobeba ngoma ya kwetu, watu wacheze. Ukilichukua kwa maana hiyo, Baden ni jazz ya Tanga kabisa, tofauti ni kwamba bendi nzima iko kwenye mikono yake.

Nilivyomsimulia mjomba haya yote (kwa awamu, sio siku moja) kuna sehemu moja tu ndo alinisimamisha. Nilimwambia kwamba miaka yake ya mwisho Baden aliokoka, akawa Mkristo wa kiinjili, na akawa hataki tena kutamka neno saravá, ile salamu ya mizimu ambayo imejaa kwenye nyimbo zake mwenyewe. Watu walimlaumu sana kwa hilo. Walisema amekana kazi yake, kawatupa mababu. Mimi pia nilikuwa nawaza hivyohivyo na nilimwambia mjomba hivyo, kwa ukali kidogo nadhani.

Mjomba akauliza, "Na gitaa aliliacha?"

Nikasema hapana, alipiga mpaka mwisho, alifariki Rio tarehe 26 Septemba 2000 na alikuwa bado anapiga.

Akasema, "Basi usimhukumu kwa neno moja. Kuna mtu dini inamtaka aache neno, na mwingine inamtaka aache yote. Yeye na Mola wake." Alafu adhana ya magharibi ikaanza akanyanyuka kutawadha, na mimi nikabaki na maganda ya machungwa, nimenyamaza, najua kabisa hakuwa anamuongelea Baden peke yake.

Sikuileta tena hiyo mada. Wiki mbili zilizopita nilimrekodia kwenye simu kipande nachojifunza, ule ule Canto de Ossanha, nikamtumia bila maneno yoyote, nikijua inawezekana asijibu. Siku ya pili asubuhi nakuta ujumbe wa sauti, dakika nzima na nusu, kuku wanalia nyuma, anaanza na salamu na kuuliza mama ameamkaje, kisha anasema: "Mpwangu, nimekusikia. Unakimbia. Unakimbia na vidole vyote pamoja. Msikilize yule bwana, dole gumba lake halikimbii hata siku moja, limekaa. Vidole vingine ndo vinalitangulia kidogo, vinaingia kabla yake, ndo maana mtu anataka kucheza. Wewe toa vidole vyote, piga gumba peke yake mpaka lichoke, ndo uvirudishe kimoja kimoja."

Leo siku ya tisa, napiga ngazi nne na dole gumba peke yake, kushuka na kurudi juu. Kesho narudisha kidole cha shahada.