Siku moja maishani mwangu: Oktoba 31 katika chumba cha watoto wa miaka miwili

Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu huniuliza, "Bado unacheza na watoto huko?" Ndiyo, nacheza nao. Nafanya kazi katika kituo cha kulelea watoto mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, chumba cha watoto wa miezi 16 hadi 33. Leo ilikuwa Halloween, sikukuu ambayo watoto wa huku huvalishwa mavazi ya kuigiza na jioni hubisha milango kuomba peremende. Nimeona niandike siku yenyewe ilivyokwenda, tangu alfajiri.

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka, nimeswali, nimekunywa chai, nimewahi basi. Mwishoni mwa Oktoba jua la huku huchomoza karibu saa mbili, kwa hiyo nimeingia jikoni kituoni giza likiwa bado totoro.

Saa kumi na mbili na nusu. Nimebandika sufuria tatu za tambi. Ni za mchele, kwa sababu ngano haipatani na mtoto wetu mmoja, na siwezi kumtengea meza yake peke yake wenzake wakicheza pamoja. Ya kwanza nimeitia manjano, ya pili maji ya bitiruti. Ya tatu ni maji ya kabichi ya zambarau. Ukiyatia soda ya kuokea kidogo tu, yanageuka buluu mbele ya macho yako. Hizo ndizo minyoo yetu ya Halloween, ya kuchezewa kwenye mabeseni.

Mtoto wa umri huu anachokishika hukipeleka mdomoni. Basi chochote kinachoingia kwenye beseni la mchezo lazima kiwe chakula. Unga mbichi hatuutumii, maana mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hii, FDA, inaonya kwamba unaweza kubeba vijidudu vya E. coli na salmonela. Vile vishanga vya maji vinavyovimba, vinavyopendeza sana kwenye video, havivuki mlango wetu kabisa. Mtoto akimeza kimoja, kinaweza kuvimbia ndani na kumziba utumbo.

Saa moja. Boga. Nimelikata kifuniko, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Watoto wanapewa nyuzinyuzi zake, zile za rangi ya chungwa zenye utelezi, lakini mbegu hazitakiwi kwa sababu zinaweza kuwakaba. Na mbegu ya boga ni mjanja: unaibana kwa vidole viwili, inachomoka, inajificha chini ya nyuzi. Nimepitisha mafungu yote vidoleni mara tatu. Kwetu boga ni la nazi na iliki, futari ya Ramadhani. Huku wengi hulichonga macho na meno, wakaliwashia mshumaa ndani, kisha likatupwa. Bado sijazoea kulitazama likioza kibarazani.

Saa mbili wazazi wakaanza kufika. Watoto wamevalishwa: nyuki wawili, simba, maboga manne. Familia kadhaa hazisherehekei Halloween, nasi tunawaheshimu, kwa hiyo ukutani hakuna mizimu wala mafuvu, na vitafunio vya leo kila mtoto anaweza kuvila bila kukwaza dini ya kwao: chenza lililomenywa, katikati limechomekwa kijiti cha tango, tayari ni boga. Watoto huchomeka vijiti wenyewe, kisha mimi navitoa na kuwatenganishia pande ndogo ndogo.

Saa tatu kasoro akaingia mama mmoja na trei ya keki ndogo 16, kila moja ina buibui wa chokoleti mwenye miguu minane iliyochorwa kwa mkono. Nzuri mno. Nikamuuliza zimeokwa kwa unga gani. Akasema unga wa lozi, alikesha nazo.

Chumbani kwetu yupo mtoto ambaye lozi zinaweza kumfunga koo. Sindano yake ya epinefrini, dawa ya dharura ya mzio, iko kwenye mkoba mwekundu juu ya kabati, na mimi nimefunzwa kuichoma pajani. Lakini siruhusiwi kumwambia mzazi mwingine ni mtoto wa nani. Kwa hiyo nimebaki na maneno mawili tu: samahani, kanuni. Akaniambia mwaka jana, kituo kingine, walizipokea. Nikasema nasikitika, mama, kanuni ni chakula cha kufungwa dukani chenye orodha ya viambato. Akasema atawapa wanaoweza kula tu. Nikamweleza kwamba mikono ya watoto hawa inashika kila kitu, na kila kinywa, na kwamba makombo hayachagui. Mwanawe ananivuta sketi, simba analia, mtoto wa tatu amepata mafua na anafuta pua kwenye goti langu. Akasema, "Wewe kazi yako ni kuangalia watoto tu." Akataka mkubwa wangu.

Sheria ya jimbo ni mwalimu mmoja kwa watoto 7 wa umri huu. Tuko wawili, watoto 14. Kila dakika niliyosimama mlangoni nimegeuzia chumba mgongo, mwenzangu akiwa peke yake na mabeseni. Dada huyu ni wa Bukavu, mtulivu sana, lakini nilimsikia nyuma yangu: "Dada, tutafanya namna gani?" Dakika 25. Mkurugenzi alipokuja, akamjibu vilevile nilivyomjibu mimi. Mama akaondoka na trei yake, macho mekundu. Nilimhurumia. Alikesha kwa upendo, na ile miguu ya buibui sitaisahau.

Tambi zikawa zimegandamana donge moja. Nimezisuuza kwa maji baridi, nikazipaka mafuta kidogo, zikaachana.

Halafu mchezo. Wengine waliingiza mikono yote miwili, wengine walikula minyoo ya buluu moja kwa moja. Yupo mmoja ambaye tangu Septemba hagusi kitu chochote chenye majimaji. Hata uji ukimdondokea mkononi analia mpaka aoshwe. Hatumlazimishi. Nilimkalisha kando yangu akatazame. Baada ya muda mrefu akanyoosha kidole cha shahada, akagusa tambi moja ya manjano, akakirudisha haraka kifuani. Akakitazama kile kidole. Akagusa tena. Mara ya tatu akaiokota tambi nzima, akainyoosha juu ya mkono wa sweta yangu kama anayeweka mkufu, na kuisawazisha polepole mpaka ikalala sawa. Sikusogea. Dada wa Bukavu alitazama, akaziba mdomo kwa kiganja.

Kuosha mikono 28, nepi, chakula cha mchana, usingizi. Wakati wamelala nikasugua sakafu kwa magoti, maana nyuzi za boga zikikauka hushika kama gundi.

Alasiri siikumbuki vizuri. Niliangalia saa mara nyingi. Mgongo uliuma, kucha zilikuwa za njano, mtoto mmoja alitapika na hakuwa na homa, mzazi mmoja alichelewa.

Nilishuka kwenye basi jua limekwisha zama, na boga dogo ambalo halikukatwa likiwa mfukoni. Saa moja na nusu lilikuwa jikoni kwangu na tui la kopo na iliki. Kibarazani nimeweka boga la rangi ya samawati inayoelekea kijani, ishara ambayo FARE, shirika la Marekani la watu wenye mzio wa chakula, limeieneza nchi nzima tangu 2014, kwamba hapa mtoto mwenye mzio atapata zawadi isiyo chakula. Mlango ukabishwa. Nilikwenda kufungua na bakuli la stika na chaki, ile tambi ya manjano imekaukia kwenye sweta.