Chumba chenye mlango
Leo nimetimiza mwezi mmoja kwenye chumba changu cha kazi, chenye mlango unaofungwa, na bado kila asubuhi nikiingia navuta pumzi kwanza.

Miaka mitatu nilikaa kwenye ofisi ya pamoja: meza moja ndefu, watu wanane, simu nane. Mwanzoni niliipenda kweli. Brad Neuberg, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alipoanzisha wazo hili la ofisi ya pamoja San Francisco mwaka 2005, alitaka anayejitegemea asifanye kazi peke yake, na mimi upweke wa kufanyia kazi nyumbani ulikuwa umenichosha. Pale nilipata marafiki, hata wateja wawili.

Lakini kelele! Siku moja nilikuwa nazungumza na mteja kuhusu deni lake, nimejibanza kwenye ngazi, mkono umefunika mdomo, watu wanapita. Akauliza, "Uko na nani hapo?" Nilishikwa na aibu. Mambo ya mtu hayasemewi ngazini.

Tangu hapo nikawa navaa visikizi kutwa nzima, na jirani yangu vilevile. Tuliketi kiwiko kwa kiwiko tukitumiana ujumbe! Utafiti wa Bernstein na Turban wa mwaka 2018 uliona hivyohivyo: kampuni mbili zilipoondoa kuta, mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70.

Sasa ofisi nyingi za pamoja zinarudisha kuta: vyumba vidogo vya kukodi, vibanda vya simu, ukumbi unabaki wa wote. Changu ni kimoja cha vyumba hivyo; mchana natoka ukumbini kupiga soga na wenzangu, kisha narudi.

Jana yule mteja alipiga. Tuliongea nusu saa, bila kunong'ona.