Siku moja maishani mwangu: kijana wa kompyuta

Saa kumi alfajiri niko steji ya Kayole, diski ya nje nimeifunga kwa soksi ndani ya begi. Makanga ananiuliza kama natoka klabu. Namwambia naenda kupandisha toleo la mfumo wa rekodi za wagonjwa. "Sawa daktari," anasema, na nauli ananitoza ileile.

Hospitalini wengi wananijua kama yule anayeitwa printa ikikwama. Mfumo wetu ni KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano.

Saa kumi na moja nazima Tomcat, programu inayoendesha mfumo kwenye seva, natoa nakala ya hifadhidata, na idadi ya wagonjwa naiandika kwa kalamu nyuma ya mkono. Naweka toleo jipya, nawasha. Majedwali yanabadilishwa moja moja. Kazi yangu ni kutazama maandishi yakipanda tu. Saa kumi na mbili na nusu stima ikapotea. UPS, ile betri ya akiba ya seva, ikaanza kulia kama kifaranga, askari akakimbilia jenereta, nami nikasali sala fupi isiyo na dini. Seva ilishika. Saa mbili kasoro ukurasa wa kuingia ukafunguka, nikaagiza chai.

Chai sikuinywa. Dada wa mapokezi aliniita kwa majina yangu yote mawili.

"Shosho huyu hayupo."

"Andika tena."

"Nimeandika mara tatu. Namba nayo haitoi kitu. Wacha nimsajili upya, foleni imefika getini."

"Usimsajili!"

Nilipaza sauti, na sijutii. Ukimsajili upya anakuwa watu wawili: mmoja ana miaka ya dawa na vipimo vya damu, mwingine hana lolote, na daktari hajui atafungua yupi. Shosho alikuwa ameshika kadi yake iliyoviringwa kwa karatasi ya nailoni.

"Kijana wangu, mmenifuta?"

"Hapana, shosho. Kitabu kipo, ni ile kurasa ya yaliyomo iliyochanika."

"Basi soma kitabu chote mpaka unifikie."

Kosa lilikuwa langu. Nilisahau kujenga upya faharasa ya utafutaji, na bila hiyo mfumo hauoni mtu hata akiwa ndani. Nikaanza kuijenga. Fomu za karatasi zikatolewa kabatini. Klinikoo, yaani afisa wa kliniki, akapita akiuliza kwa nini hatukufanya Jumapili. Niliomba Jumapili, nikaambiwa hakuna hela ya muda wa ziada.

Jina lilipotokea, dada alilisoma kwa sauti. Shosho akainama kwenye kioo. "Hiyo tarehe ya kuzaliwa bado ni ya uongo," akasema. Ilikuwa tarehe 1 Januari, kama ya nusu ya wazee wetu.

Mchana siukumbuki vizuri. Nilizunguka chumba hadi chumba nikifuta kumbukumbu za vivinjari vilivyong'ang'ania kurasa za zamani, na kila mahali naambiwa nirudishe ile ya kwanza, ilikuwa rahisi. (Ile ya kwanza nayo waliilaani mwaka mzima.) Kisha tukaingiza zile fomu za karatasi, mimi na dada, bila kusemezana sana.

Giza liliponikuta kwa seva, ile idadi niliyoiandika nyuma ya mkono ilishafutwa na sanitaiza. Bahati niliipiga picha. Nikajumlisha waliosajiliwa leo, ikalingana. Nikahesabu tena, kwa sababu hata asubuhi nilidhani nimemaliza.