Sikuwepo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Mwanzo 4:8-10.

Mahakama ya Rufani imekuwa na kikao hapa Mwanza, nami nilikwenda kusikiliza hukumu ya kijana wa mwalo wetu. Wengi mnamjua tangu anaanika dagaa na mama yake. Kaka yake alifia ziwani katika ugomvi wa nyavu. Miezi minne baadaye, mtu aliyetajwa kuhusika na kifo kile akakatwa mapanga usiku, mlangoni kwake. Mjane wake alisema alimwona kijana wetu kwa mwanga wa taa ya sola, hatua tatu hivi, na majirani walioitikia mwano, yowe la kuomba msaada, walilisikia jina lake kabla mama yule hajamaliza kulia.

Utetezi wake ulikuwa neno moja: sikuwepo. Usiku ule alikuwa Ukerewe, akivua.

Sheria inamtaka anayejitetea hivyo atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au walau alete maelezo kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Yeye alisema siku ya kujitetea, bila kutaja mtumbwi aliopanda wala mtu aliyelala naye kambini. Majaji watatu hawakulifanya hilo kuwa mwisho wa mambo, na nawashukuru. Walikumbusha kwamba mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kuwa hakuwepo. Akitia shaka ya kweli, inatosha. Wakaupima mwanga, umbali, muda ambao mjane alimtazama, na kama walifahamiana, vipimo ambavyo mahakama hiyo imevisisitiza tangu 1980, kwa sababu macho ya usiku hukosea hata ya mtu mkweli. Mwisho wakaona utetezi wake haukuutikisa ushahidi. Rufaa ikatupwa. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia sheria yetu ina adhabu moja tu, kunyongwa, ingawa tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Kwa hiyo anarudi kungoja.

Mama yake alikaa benchi la mbele yangu. Alikuwa ameshika pindo la kanga, analikunja na kulikunjua, mpaka uzi ukaanza kuachia. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mchungaji, wamesema nini?" Ikabidi nimwambie mimi.

Tangu siku hiyo Kaini haniachi. Mungu hakumwuliza, "Ulikuwa wapi?" Alimwuliza, "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Swali la ulikuwa wapi tunaweza kulijibu sote, na mashahidi tunao. Hili lingine ndilo linalonikosesha usingizi, maana mimi nilikuwepo.

Sisemi usiku wa mapanga. Nilikuwepo kwenye matanga ya kaka yake, siku ya tatu, chini ya turubai. Kijana alikuwa amechuchumaa akikwangua ukoko kwenye sufuria la wali. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanaume wa mji huu umebaki wewe." Mwingine akaongeza kwamba damu ya kwao haijawahi kumwagika bure. Kijana hakujibu, aliendelea kukwangua, ingawa ukoko ulikuwa umekwisha na mwiko unagusa bati tupu. Nilimwona. Biblia ilikuwa magotini mwangu, na Warumi 12:19 ninaijua kwa kichwa: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Sikuifungua. Nilijiambia hayo ni maneno ya msiba, yatapita. Nikaomba chai.

Someni pia Hesabu 35. Mungu aliagiza miji sita ya makimbilio, mitatu ng'ambo hii ya Yordani na mitatu ng'ambo ile, ili aliyeua bila kukusudia asiuawe kabla ya kusimama mbele ya mkutano. Tena shahidi mmoja hakutosha kumwua mtu. Naona hapo huruma kwa pande zote mbili. Mungu hakumkemea aliyefiwa kwa sababu ya hasira yake. Aliweka mwendo kati ya hasira na panga. Kule matanga mwendo huo ulikuwa ni kutoka nilipokaa hadi kwenye lile sufuria, pengine hatua sita, na aliyetakiwa kuutembea ni mimi.

Nimeshamwomba mama yake msamaha. Kwa mjane bado. Nilifika hadi mlangoni pale pale, miguu ikakataa. Niombeeni nirudi.

Jumatano tuna matanga tena, mwalo wa pili kutoka kwetu. Marehemu amekutwa na jeraha kichwani, na jina la mtu limeshaanza kunong'onwa. Vijana wa familia wanakaa nyuma ya nyumba, mbali na wazee. Nitakwenda mapema, kabla ya sala, nikae nao huko nyuma.