Tulivyohamisha mafaili ya kampuni kutoka Google Drive kwenda SharePoint

Kampuni yetu inanunua alizeti na mahindi. Makao makuu yako Dodoma mjini, matawi yako Kibaigwa, Kondoa, Manyoni na Singida. Uongozi ulipoamua tuhamie Microsoft 365, huduma ya kulipia ya Microsoft ambayo SharePoint ni sehemu yake ya kuhifadhi mafaili ya pamoja mtandaoni, kazi ikatuangukia sisi wa Tehama.

Kila mtu aliuliza kuhusu bando: mzigo wote huo utapitaje kwenye intaneti ya ofisi? Haupiti. Tulikodi seva mtandaoni, tukaweka rclone, programu ya bure ya kunakili mafaili kati ya hifadhi za mtandaoni, mafaili yakawa yanatoka Google na kuingia Microsoft bila kushuka Dodoma. Umeme ukikatika ofisini, uhamishaji unaendelea. Ukisukuma kwa pupa Microsoft wanakupunguzia kasi na kurudisha kosa namba 429, kwa hiyo kazi kubwa tuliiendesha usiku.

Kilichokula muda ni majina. Google Drive haichagui jina. SharePoint inakataa nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota na mkwaju, na njia nzima ya faili, kuanzia folda ya juu hadi jina lenyewe, isizidi herufi 400. Nilikaa na mhasibu wetu mbele ya faili linaloitwa "Kibaigwa: lori 3, 12/03, amelipwa?"

"Mama, jina hili halitapita."

"Mwanangu, hiyo alama ya kuuliza ndiyo inayonikumbusha nani bado anatudai."

Alikuwa na haki. Rclone ingeweza kubadilisha alama hizo kwa herufi zinazofanana nazo na faili likapita, lakini kulitafuta baadaye ingekuwa shida. Tukaongeza safu ya hali ya malipo kwenye maktaba ya SharePoint, tarehe ikaandikwa kwa vistari, na Mama akawa anachuja wanaodai kwa kubofya mara moja. Ndiyo maana nasema zungumza na wenye mafaili kabla ya kugusa programu yoyote.

Jambo la pili ni umiliki. Folda nyingi muhimu zilikuwa chini ya akaunti za watu binafsi, wengine walishaacha kazi. Tuliorodhesha kila folda na mwenyewe, tukahamisha umiliki kwanza. Ruhusa nazo tulizipanga upya kwa vikundi vya idara, maana tulichohamisha ni mafaili tu. Hapo tuliibana zaidi folda ya wakulima, yenye namba za simu na za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki taarifa hizo zizagae kwa kila mwenye linki.

Majedwali ya Google yanageuzwa kuwa Excel njiani, na fomula ya IMPORTRANGE, inayovuta namba kutoka jedwali jingine, haifanyi kazi huko. Jedwali la bei lililokuwa likivuta namba kutoka matawini tulilijenga upya kwa Power Query, zana ya Excel ya kuvuta data kutoka mafaili mengine.

Kuhakiki nako kuna kazi yake. Google na Microsoft hawatumii aina moja ya alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili, kwa hiyo tuliiamuru rclone isome pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo. Yale yaliyogeuzwa kuwa Excel, kila idara iliyafungua kwa macho na kulinganisha jumla.

Drive ya zamani tuliiacha ya kusoma tu hadi wakaguzi wa hesabu walipomaliza kazi yao, ndipo tukaifunga.