Runo, Polka na Joiku: Safari ya Kuifuata Mizizi ya Metali ya Kifini

Safari yangu ya Ufini niliianzia katika jumba la sanaa la Ateneum, mkabala na stesheni kuu ya treni ya Helsinki, ijapokuwa nilichokifuata katika nchi ile kilikuwa muziki. Kwa miaka mingi nimekuwa nikizisikiliza bendi za Kifini zinazochanganya muziki wa jadi na hevi metali, na kwa kuwa nimelelewa Unguja katika taarabu, nikipiga fidla, kila niliposikia fidla ikikimbizana na magitaa ya umeme nilitamani kujua ilifundishwa wapi kukimbia namna ile. Mwenyeji wangu, Mtanzania mwenzangu aliyehamia Helsinki zamani, ndiye aliyenishauri nianze na picha. "Kaka, ukienda moja kwa moja jukwaani utasikia kelele tu," aliniambia. "Waone kwanza hao wanaoimbwa."

Picha alizonipeleka kuziona ni za mchoraji wa Kifini, Akseli Gallen-Kallela. Mojawapo, ya mwaka 1897, inamwonyesha mama yake Lemminkäinen, mmoja wa mashujaa wa kale wa Kifini, ameketi kando ya mto wa wafu, mwili wa mwanawe uko mbele yake juu ya mawe, naye ametazama juu akimngoja nyuki alete asali ya kumfufulia mtoto. Nilikaa mbele ya picha hiyo muda mrefu. Mambo ambayo bendi za metali duniani kote huyatafuta kwa jitihada kubwa, yaani mauti, uchawi, mito myeusi na kisasi, Wafini wameyarithi tayari katika utenzi mmoja wa taifa, tena yakiwa yameambatana na huruma ambayo metali ya mataifa mengine huwa nayo kwa nadra.

Utenzi huo ni Kalevala. Elias Lönnrot, daktari aliyekuwa akifanya kazi Kajaani, alisafiri mara nyingi katika vijiji vya Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi, akiandika mashairi ya kale yaitwayo runo kutoka vinywani mwa wazee walioyahifadhi kwa kichwa. Aliyaunganisha na kuyachapisha mara ya kwanza mwaka 1835, kisha akayapanua mwaka 1849 yakawa sura 50 zenye mistari 22,795. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana umbo lake, kwa sababu mstari wa runo kwa kawaida una silabi 8, kama kilivyo kipande cha utenzi wetu chenye mizani 8. Tofauti ni kwamba runo haina vina vya mwisho. Maneno ya mstari mmoja hufungwa pamoja kwa kuanza na sauti ileile, na mstari unaofuata hurudia wazo la uliotangulia kwa maneno mengine. Mtu aliyesikia tenzi zikighanwa ataelewa upesi kwa nini umbo hili linakubali muziki mzito: linapiga hatua sawa, halichoki, na lina uwezo wa kwenda usiku kucha.

Kundi lililolitambua hilo mapema ni Amorphis, lililoanzishwa Helsinki mwaka 1990. Albamu yao Tales from the Thousand Lakes ya mwaka 1994 ilichukua maneno yake kutoka Kalevala kwa tafsiri ya Kiingereza, ikayaweka juu ya magitaa mazito na sauti ya kunguruma, pamoja na kinanda. Miaka miwili baadaye wakatoa Elegy, safari hii wakichota katika Kanteletar, mkusanyo mwingine wa Lönnrot wenye mashairi ya hisia, mengi yakiwa ya wanawake. Humo mna shairi moja ambalo napenda kulisimulia. Kalevala inasema kwamba kantele, zeze la kulaza magotini ambalo sisi watu wa taarabu tutaliona kuwa ndugu mdogo wa qanuni, lilichongwa na Väinämöinen, mzee mwimbaji na mchawi wa utenzi huo, kutokana na taya la samaki mkubwa. Shairi la Kanteletar linakanusha: wasemao hivyo wanasema uongo, kwani chombo hicho kimetengenezwa kwa majonzi. Amorphis walilichagua shairi hilo la pili, na nadhani uchaguzi wao unaeleza vizuri zaidi kuliko maelezo yoyote kwa nini mchanganyiko wao haukuwa pambo.

Kuna sababu ya kimuziki pia, ambayo niliithibitisha kwa masikio yangu kwa mchongaji mmoja wa kantele aliyeniruhusu kuzigusa zake. Gitaa la metali hupenda kupiga noti mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya tano, likiiacha ya tatu, na noti ya tatu ndiyo inayoamua kama wimbo utasikika mchangamfu au wa huzuni. Katika kantele ya kale ya nyuzi 5, noti hiyo ya tatu mara nyingi ilikazwa mahali palipo katikati, isiwe juu wala chini, jambo ambalo kwetu si geni, kwa kuwa katika maqamu ya Rasti, mojawapo ya mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, noti ya tatu nayo hukaa hapohapo. Gitaa linapoacha nafasi ile wazi, sauti ya jadi inaweza kuingia na kukaa bila kugombana na mtu. Wale wanaodhani metali na ngoma za kale zimelazimishwa kuoana wangefaa kukaa na chombo hiki magotini kwa saa moja tu.

Kutoka kwenye picha na kantele nilikwenda Suvilahti, eneo la kiwanda cha zamani cha umeme na gesi mjini Helsinki ambako tamasha la metali la Tuska limekuwa likifanyika tangu mwaka 2011, ingawa lenyewe lilianza mwaka 1998. Ni mwendo mfupi kutoka stesheni ya Kalasatama. Jua la kiangazi halikuwa na haraka ya kutua, na chini ya matangi makubwa ya gesi walikuwapo watu wa kila umri: wazee wenye mvi waliovaa fulana nyeusi, na watoto waliofunikwa masikio kwa vizuizi vikubwa vya sauti, wamebebwa mabegani mwa baba zao. Sikuona vurugu. Watu walipanga foleni kwa utaratibu, na mtu akianguka katikati ya waliokuwa wakigongana mbele ya jukwaa, mikono mingi ilimwinua kabla hajagusa ardhi.

Bendi niliyoingoja ilikuwa na mpiga fidla na mpiga akodiani, na wimbo wao wa kwanza ulipoanza, uwanja mzima uligeuka kuwa ukumbi wa kuchezea dansi. Hapo nilikutana na mzizi wa pili, ambao hauna uhusiano wowote na Kalevala. Huu ni mzizi wa densi za magharibi, zilizoingia kupitia Uswidi iliyoitawala Ufini hadi mwaka 1809, yaani minueti, polska (densi ya mapigo matatu, tofauti na polka) na walzi, kisha baadaye polka. Na katika karne ya 20 ikaja humppa, dansi ya kasi ambayo besi hupiga chini na akodiani hujibu juu. Finntroll, walioanza Helsinki mwaka 1997, ndio walioionyesha dunia kwamba pigo hilo la chini na juu linalingana barabara na dramu ya metali. Pale ambapo akodiani ingejibu, wao waliweka ngoma ndogo ya dramu, wakaongeza kasi, na kiungo hakikuonekana. Waliimba kwa Kiswidi, lugha ya Wafini walio wachache, kwa sababu mwimbaji wao wa kwanza alikuwa wa jamii hiyo. Gitaa lao la awali lilikuwa la Teemu Raimoranta, mmoja wa waanzilishi, aliyefariki mwaka 2003 akiwa bado kijana. Kila mpiga gitaa niliyezungumza naye Suvilahti alimtaja kwa heshima.

Ninaowapenda zaidi ni Moonsorrow, waliotoka kwa mabinamu wawili wa ukoo wa Sorvali. Albamu yao ya mwaka 2007 ina nyimbo 2 tu, kila mmoja ukikaribia nusu saa, na mtu anayeusikiliza hadi mwisho atatambua subira ya waghani wa runo, ijapokuwa maneno yote ni mapya.

Treni ya kwenda Kokkola hupita katika misonobari na mashamba kwa saa kadhaa, na kutoka hapo basi hukupeleka Kaustinen, mji mdogo wenye wakazi elfu chache ambao tangu mwaka 1968 umekuwa na tamasha kubwa la muziki wa jadi kila mwezi wa Julai. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoondoka nyumbani. Upigaji fidla wa Kaustinen uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2021, na nilipousikia nikaelewa sababu. Upinde haukai juu ya pigo, bali hulitangulia kidogo na kuliegemea, hata miguu ya msikilizaji ikaanza kwenda kabla akili haijaruhusu. Nyuma ya fidla huwa pana besi kubwa ya kusimama na kinanda cha kukanyagia kwa miguu, na kinanda hicho kinaziba mapengo yote kwa sauti nene isiyokatika. Niliposikia kinanda kile nikasema moyoni kwamba hii ndiyo kazi ya gitaa la umeme katika metali, imefanywa na mapafu ya ngozi na mbao.

Mji huu unamkumbuka Konsta Jylhä, mpiga fidla na mtunzi aliyeishi kutoka mwaka 1910 hadi 1984, na kabla yake Kreeta Haapasalo, mama wa watoto wengi aliyezaliwa mwaka 1813, ambaye umaskini ulimtoa nyumbani akawa anazunguka na kantele yake kutafuta riziki, hadi akapiga mbele ya wakubwa wa Helsinki na St. Petersburg. Lakini kilichonigusa zaidi ni watoto. Walikaa uwanjani kwa mamia, wadogo wamewekwa pamoja na wakubwa, kila mmoja akipiga sehemu anayoiweza, kwa utaratibu wa ufundishaji ulioanzishwa hapa na Mauno Järvelä. Hakuna aliyefukuzwa kwa kukosea. Baba mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami, mwenye ndevu ndefu na fulana ya bendi ya metali, aliniambia kwamba yeye mwenyewe alijifunza hivyo, na alipofika umri wa miaka 15 akanunua gitaa la umeme, wala hakuona kwamba ameacha kitu. Nyimbo alizozipiga kwa gitaa zilikuwa zilezile za arusini.

Maneno yake yalinifanya niifikirie upya Korpiklaani, bendi ya Lahti. Jonne Järvelä, kiongozi wake, alianza mwaka 1993 na Shamaani Duo, kikundi cha muziki wa jadi kilichopigia watu Laplandi, kaskazini mwa Ufini. Baadaye kikawa Shaman, kikaingia metali, na ala za jadi zikaigwa kwa kinanda cha umeme. Jina lilipobadilika kuwa Korpiklaani mwaka 2003, kinanda kiliondolewa na nafasi yake wakapewa wapigaji wa ala zenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia yao. Fidla ya kuigwa haivuti pumzi wala haichelewi wala haiegemei pigo, na muziki wa densi ukikosa kuegemea huko hubaki kasi tupu. Mpigaji halisi huilazimisha dramu imsikilize.

Mabadiliko hayo ya mwaka 2003 yalikuwa na upande mwingine, nao ndio ulionipeleka kaskazini. Shaman waliimba kwa Kisami, lugha ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na walitumia joiku, uimbaji wao wa jadi, na sauti ya joiku ya Järvelä ilisikika pia katika albamu ya Finntroll ya mwaka 2001. Walipoitwa Korpiklaani, Kisami kiliachwa na joiku ikapungua sana. Nilitaka kujua Wasami wenyewe wanalionaje jambo hilo, hivyo nikashika treni hadi Rovaniemi, kisha basi, zaidi ya kilomita 300 za misitu na kulungu wa kaskazini wanaotembea barabarani bila wasiwasi, mpaka Inari, katika nchi ya Wasami.

Joiku haisimulii habari ya mtu au mahali. Kwa Wasami, kuiimba ni kumleta mwenyewe hapo. Mtu hupewa joiku yake na wengine, na huwa mali yake hata kama si yeye aliyeitunga. Wamisionari wa zamani waliiona kuwa dhambi, wakazichukua ngoma za Wasami na nyingi wakaziteketeza, na aibu ile iliendelea shuleni hadi karne ya 20. Nils-Aslak Valkeapää ndiye aliyeirudisha hadharani kwa rekodi yake ya mwaka 1968, na mwaka 1994 aliimba joiku katika ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Lillehammer, Norwe. Haya yote yameelezwa vizuri katika makumbusho ya Siida, kando ya ziwa.

Kijana mmoja Msami niliyekutana naye huko, mpiga gitaa, hakuwa na chuki na bendi za kusini. Alisema joiku kwanza zilimfikia akiwa amevaa spika za masikioni, ndani ya nyimbo za watu wasio Wasami, na ndipo akaenda kumwuliza bibi yake. Hata hivyo alikuwa na msimamo: runo imechapishwa na ni ya taifa zima, polka ni ya yeyote mwenye miguu, lakini joiku ina mwenyewe, na anayeitaka hana budi kuomba. Nakubaliana naye bila masharti. Utamaduni uliopigwa marufuku hauchukuliwi kama ule uliosherehekewa kwenye kuta za Ateneum.

Kisha akanisikilizisha rekodi ya mazoezi ya bendi yake. Joiku ilikuwa ya babu yake, nayo familia ilikuwa imeridhia itumike. Gitaa lilishika noti zake mbili, ya tatu ikaachwa wazi, na sauti ilizunguka peke yake mizunguko kadhaa kabla ya dramu kuingia. Nilimwuliza kijana yule, mpiga dramu wao alijuaje wakati wa kuingia, kwa kuwa mizunguko haikuwa na urefu sawa. "Hahesabu," alijibu. "Anamtazama mwimbaji, na wimbo ukiharakisha naye anaharakisha."